Sikukuu ya Uhuru na Moshi wa Jirani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura)



Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango mkingojea nimalize:

Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo lililoletwa mbele ya mkutano huu, nalo ni hili: je, yafaa chama chetu kifanye karamu ya chakula mtaani siku ya 1 Julai, baada ya gwaride la Uhuru, na kuwaalika majirani wa dini zote? Najua khitilafu iliyopo. Wako wasemao kwamba siku ile ni ya Serikali, na kazi yetu ni kuhudhuria tukiitwa, kisha kurudi majumbani. Wako wasemao kwamba sikukuu zetu ni mbili na ya tatu hatuijui. Na wako vijana wasemao kwamba wazee wao wanaogopa gharama tu, wala hapana jambo jingine. Mimi sikuja kumhukumu mtu. Nimeitwa kwa sababu nilipata kuiona sikukuu ya namna hii katika nchi ya mbali, nayo ni Marekani, siku ya 4 Julai, katika mji mdogo uitwao Bristol. Nitawaeleza niliyoyaona na niliyoyasoma baadaye, kisha nitatoa shauri langu, nanyi mtaamua.

Huenda mtu akauliza, ya Marekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa kuwa damu yetu iko huko. Kuanzia mwaka wa 2007, maelfu ya ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka wa 1972, wakazeeka katika makambi ya Tanzania, walichukuliwa kwenda kukaa Marekani, na Wakongo wengi wakawafuata. Leo Kiswahili chasikika katika vituo vya basi vya miji ambayo wazazi wetu hawakujua hata majina yake. Watoto wanaokulia huko hupiga simu kuuliza: siku yao ya uhuru ikifika, na jirani akatuita uani kwake tule, twende au tusiende? Swali lao na swali letu la leo ni mamoja, isipokuwa wao ndio wageni nasi ndio wenyeji.

Tena tazameni kalenda. Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960. Burundi na Rwanda zilipata uhuru siku moja, 1 Julai 1962. Na ndugu zetu wa Rwanda, tangu yale mauaji makuu ya mwaka wa 1994 yaliposimamishwa, huiadhimisha 4 Julai kuwa siku ya ukombozi wao. Hivyo katika siku tano tu za kiangazi, nchi tatu zinazopakana zina bendera barabarani, na siku ya mwisho miongoni mwa hizo Wamarekani nao wanatandika meza zao. Mwenye jamaa waliotawanyika, kama sisi sote, huwa na sikukuu moja ndefu.

Sasa nije kwenye khabari yenyewe. Wajumbe wa makoloni yale kumi na matatu walipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai 1776, na tarehe 4 wakalikubali lile tamko lililoandikwa na Thomas Jefferson. John Adams, aliyekuwa mmoja wao, alimwandikia mkewe kwamba tarehe 2 itakuwa sikukuu kubwa ya vizazi vyote, yenye ibada, maandamano, michezo, mizinga, kengele na mioto. Katika tarehe alikosea kwa siku mbili. Katika mengine yote alipata. Na katika mambo ya kustaajabisha ya dunia, yeye na Jefferson wote wawili walikufa siku moja, 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya tamko lile.

Mji wa Bristol uko katika jimbo dogo kuliko yote ya nchi ile, nalo ni Rhode Island, juu ya rasi iliyozungukwa na maji ya ghuba. Ni mji wa watu kama 22,000, maana yake mtaa wetu huu tunaokaa wawaonea wao huruma kwa uchache. Lakini mji huo ulionja vita. Mwezi wa Oktoba 1775, manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga usiku kwa sababu wenyeji walikataa kutoa mifugo, na mwisho wake mji ukatoa kondoo 40 ili mizinga inyamaze. Mwezi wa Mei 1778 askari wakaja kwa miguu na kuchoma nyumba nyingi. Basi mwaka wa 1785, vita vikiwa vimekwisha, kasisi wa kanisa la pale, Henry Wight, ambaye mwenyewe alikuwa amepigana, aliwakusanya watu kwa ibada na maneno ya kuikumbuka siku ya 4 Julai. Tangu hapo wenyeji wanajivuna kwamba hapana mji mwingine wa Marekani ulioifanya sikukuu hiyo kwa muda mrefu kama wao pasipo kukatika.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye jibu la wale wasemao kwamba siku ya uhuru ni mali ya Serikali. Serikali kuu ya Marekani iliifanya 4 Julai kuwa siku ya mapumziko kwa sheria mwaka wa 1870. Hesabuni: tokea 1785 hata 1870 ni miaka 85. Kwa muda wa maisha ya mtu mzima mpaka uzee wake, watu wa Bristol waliiadhimisha siku hiyo bila ya sheria kuwaambia. Waliifanya kwa sababu walikumbuka wale kondoo 40 na zile nyumba zilizoungua.

Na sisi, je? Tuna haki ndogo kuliko yao? Tarehe 18 Septemba 1961, Uprona iliposhinda uchaguzi, wazee wa mtaa huu walikuwa miongoni mwa waliomsimamia Mwanamfalme Louis Rwagasore tangu mapema, wakampa nyumba za kukutania na miguu ya kupeleka khabari. Wiki nne hazikutimia, akauawa tarehe 13 Oktoba. Babu zetu walilia hapa hapa, katika barabara hizi zenye namba. Siku ya 1 Julai iliwahi kupita mikononi mwa watu wa Buyenzi kabla haijafika jukwaani.

Gwaride la Bristol huanza saa nne na nusu za asubuhi. Lakini nilifikishwa saa moja, na tayari viti vilikuwa vimejaa kando ya barabara, viti vya turubai vya kukunja, kila jamaa mahali pake. Nikaambiwa kwamba jamaa nyingine zimekaa mahali hapo hapo tangu zama za bibi zao. Katikati ya barabara kuu, iitwayo Hope Street, wamepaka mstari wa rangi tatu za bendera yao, nyekundu, nyeupe na buluu, na mstari huo haufutwi mwaka mzima, ili mtu apitaye pale siku ya theluji aikumbuke siku ya jua. Njia yote ya gwaride ni kama kilomita nne. Hupita vikundi vya tarumbeta na ngoma, mabaharia, askari wa zamani wengine wakisukumwa katika viti vya magurudumu, magari ya zimamoto ya miji ya jirani, watoto wa shule, na magari yaliyopambwa yakachukua mifano ya meli na majumba. Wanaoyaongoza yote hayo ni kamati ya watu wa mji wanaojitolea, nao huanza kazi ya mwaka ujao baada ya kufagia taka za mwaka huu.

Nilimwuliza mwenyeji wangu, wanaosimama ni wengi au wanaopita ni wengi? Akacheka, akasema kwamba kila anayepita ana binamu anayesimama. Na kweli, nilimwona mpiga ngoma mmoja akiacha mstari mara moja, akambusu bibi kizee aliyekaa kitini, akarudi mbio asipoteze mapigo.

Wazee wetu wa pwani wangelielewa jambo hili upesi kuliko sisi. Maana kabla ya uhuru wa nchi yo yote ya huku, watu wa Lamu na Mombasa, kisha Tanga, Dar es Salaam na mpaka bara, walikuwa na beni: vikundi vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare, tarumbeta na ngoma kubwa, vikishindana kwa maandamano na kwa karamu mpaka washindwe kulipa madeni. Wazungu waliwatazama wakadhani wanaigizwa tu. Mimi naona watu wale walikuwa wakisema kwamba barabara ni yao pia. Siku hizi twadhani gwaride ni jambo la kutazamwa likipita mbele ya wakubwa; babu zetu walilijua kuwa jambo la kulifanya.

Lakini sikuja hapa kuwapambia Wamarekani. Katikati ya njia ile ya gwaride iko nyumba kubwa nyeupe yenye nguzo ndefu, Linden Place, iliyojengwa mwaka wa 1810 na George DeWolf. Jamaa ya DeWolf ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya watumwa ya Marekani. Meli zao zilichukua pombe ya rum iliyopikwa kwa asali ya miwa, zikaenda nayo Afrika ya Magharibi, zikabadilisha kwa wanadamu, zikawauza Cuba na katika majimbo ya kusini ya Marekani. Waliochukuliwa walizidi 10,000. Na angalieni tarehe: sheria ya Rhode Island ya kuukomesha utumwa pole pole ilipitishwa mwaka wa 1784, na sheria ya kuwakataza wananchi wake biashara hiyo mwaka wa 1787. Yaani sikukuu ya uhuru ya Bristol ilizaliwa katikati ya sheria hizo mbili, na meli ziliendelea kutoka bandarini kana kwamba hapana sheria wala sikukuu. Mmoja wa jamaa hiyo, James DeWolf, alifika mpaka kuwa seneta. George naye alifilisika mwaka wa 1825, akakimbilia Cuba, na mji mzima ukaingia katika ufukara pamoja naye, maana karibu kila mtu alikuwa na fedha yake katika shughuli zile. Nani aliyekuwa ameketi kando ya barabara 4 Julai ya miaka ile, mikono mitupu?

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akajikomboa kwa kutoroka, alialikwa kuhutubu mjini Rochester, katika jimbo la New York, mwaka wa 1852. Alihutubu tarehe 5 Julai, wala si tarehe 4. Akawashukuru wenyeji wake kwa adabu njema, akawasifu waliopigania uhuru wa nchi, kisha akawauliza, siku yenu hii yamhusu nini mtumwa? Hotuba ile yasomwa mpaka leo katika miji mingi ya Marekani wiki hiyo hiyo ya sikukuu, tena husomwa kwa sauti na watu wa kawaida, kila mtu kipande chake. Nao wajukuu wa DeWolf wenyewe walitoa filamu mwaka wa 2008 kuifuatilia dhambi ya babu zao tokea Bristol mpaka Ghana na Cuba. Mambo hayo hayakuuvunja mji. Gwaride lingali likipita mbele ya nyumba ile, na anayetaka kujua habari zake huambiwa.

Wala sisi tusikae kama watazamaji walio safi. Kile kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita merikani, kilichokuwa kama fedha katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kilitoka katika viwanda vya majirani wa Bristol, wale wa Massachusetts, na pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini. Mmarekani Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka wa 1833, na mwaka wa 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, akaingia Unguja. Misafara iliyofika katika ziwa letu ilichukua merikani kuja, na kurudi ilichukua pembe, na pamoja na pembe ilichukua watu. Uswahili wetu wa Bujumbura umetoka katika njia hiyo. Tukiwaalika majirani zetu waliotoka milimani kuja kula kwetu siku ya uhuru, wamo miongoni mwao ambao bibi zao waliwahadithia khabari za misafara. Yafaa tuwe tumejua hayo kabla hawajatukumbusha.

Sasa nifike kwenye chakula, maana naona baadhi yenu mmeanza kutazama saa.

Ukiondoka barabarani gwaride likiisha, mji wote unanuka moshi. Kila ua una jiko la makaa au la gesi, na mwanamume mmoja amesimama nyuma yake na koleo mkononi kama jemadari. (Wanawake wao huniambia kwamba siku nyingine za mwaka mwanamume huyo hajui sufuria iko wapi.) Jiko lenyewe wanalolipenda ni la duara lenye kifuniko. Aliyelibuni ni George Stephen, fundi wa kiwanda kimoja cha chuma karibu na Chicago, ambaye mwaka wa 1952 alichukua boya la chuma lililofanyizwa kiwandani kwake, akalikata nusu mbili, akalitia miguu. Zamani za karne ya 19 walichimba shimo refu, wakachoma ng'ombe au nguruwe mzima kwa mji mzima, na katika majimbo ya kusini waliokesha penye shimo hilo kwa ufundi mkubwa walikuwa watumwa wa Kiafrika, ambao siku yenyewe haikuwa yao. Leo watu huchoma nyama ya kusaga wakaiweka ndani ya mkate, huchoma soseji, kuku na mahindi, na kando yake huweka viazi vilivyochanganywa na mayai, na tikiti maji lililokatwa vipande vikubwa.

Mwaka nilioushuhudia ni wa 2016, na siku ile ya 4 Julai ilikuwa ya 29 ya Ramadhani. Binti yangu akaaye Providence, mwendo kama wa kilomita 25, alialikwa na mama mmoja wanayefanya kazi pamoja, akaniambia: Baba, wanatutaka sote, nami nimewaambia kwamba tumefunga. Nilimwuliza, sasa tunakwenda kufanya nini katika karamu? Akasema, tutakwenda kukaa nao.

Tulikaa nao. Mwenye nyumba, mzee ambaye wazazi wake walitoka Ureno, kama walivyo wengi wa mji ule, alituweka chini ya mti mbali kidogo na moshi, akawakataza wajukuu wake wasituletee maji kila dakika, maana walikuwa wakituonea huruma. Watu wa nyumba wakala mchana chakula chao kama ilivyo desturi. Mimi nilidhani yamekwisha. Kumbe jioni alitoa jiko la pili, jipya, ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani, akamwita mkwe wangu, akamwambia, hili halijaguswa na nguruwe, nyama yenu mliyokuja nayo itie hapa, uchome mwenyewe, nami nitasimama kando nikuoneshe namna ya kufungua tundu za hewa. Nchi ile katika kiangazi jua huchwa baada ya saa mbili na robo za usiku, si kama kwetu ambako saa kumi na mbili hivi jua limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo. Ilipofika magharibi tukafungua kwa tende. Na watu wa nyumba ile, ambao walikuwa wameshiba tangu saa nane, waliketi mezani mara ya pili, wakala kidogo kidogo pamoja nasi. Binti yangu akatwaa sahani ya kuku wetu akampelekea mama wa nyumba. Ng'ambo ya maji fataki za miji mingine zikaanza kusikika.

Nimefikiri sana juu ya lile jiko la pili. Mzee yule hakutuomba tuache jambo letu lo lote, wala yeye hakuacha lake. Soseji zake alizila. Masheikh wetu walioko hapa watatusomesha penye mpaka wa dini, nami sina elimu ya kuwatangulia. Ninachoshuhudia ni kwamba tulirudi Providence usiku ule saumu zetu zikiwa zimetimia, na tuna jirani.

Basi shauri langu ni hili. Karamu na ifanyike. Lakini kwa kuwa mmenipa nafasi, nitasema namna yake.

Kwanza isifanyike ya Waislamu wenye kuwalisha wengine kama tunagawa sadaka. Tuwaambie majirani waje na vyakula vyao na majiko yao, nasi tuwe na yetu, na nyama yetu ichinjwe na mtu tunayemjua. Mtaa huu una mafundi wa mishikaki ambao mji mzima huwafuata usiku. Siku hiyo hawatakosa kazi. Mukeke kutoka ziwani utafaa pia, kwa sababu hauna ugomvi wa mchinjaji.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kabla ya chakula na yasemwe majina. Kila nyumba hapa ina mtu wake aliyekwenda asirudi, wengine 1965, wengine 1972, wengine 1993. Nani kati yetu wa umri wangu aliyesahau mwezi wa Machi 1995, jinsi Bwiza na Buyenzi zilivyokuwa? Siku ya uhuru ikipita kila mwaka kwa tarumbeta tupu, atakaa jirani mmoja ndani, mlango umefungwa, akijiuliza swali la Douglass. Sisemi tufanye mahakama mtaani. Nasema mtu mzima mmoja kutoka kila nyumba, akitaka, asimame aseme, baba yangu alikuwa fulani, alikaa barabara fulani. Hayo yakisemwa hadharani, watu watakula kwa roho nyepesi. Na ikiwa wako watakaoona jambo hili la khatari, waje tukae nao kwanza, lisifanywe kwa ghafula. Wakikataa kabisa, basi tuanze na chakula mwaka huu, na majina tuyazungumze mwakani.

Fataki, la. Mwaka wa 1903 madaktari wa Marekani walihesabu vifo zaidi ya 400 vilivyotokana na sherehe ya siku moja, vingi kwa pepopunda iliyoingia katika majeraha ya baruti, hata miji mingi ikaanza kupiga marufuku. Nasi katika mji huu tumesikia milio ya kutosha. Ngoma zatosha.

Juu ya gharama, ambazo vijana wanasema ndizo khofu yetu, nimefanya hesabu na mweka hazina. Makaa, unga, chumvi na viti vya kukodi vyaweza kulipwa kwa michango ya chama pasipo kugusa fungu la mazishi wala fungu la madrasa, iwapo nyama itatolewa na wenye uwezo. Wanaokwenda kwenye gwaride asubuhi waende kama ilivyo kawaida, wala tusishindane nalo; karamu ianze baada ya sala ya adhuhuri, na kufagia barabara ni kazi ya wanaume, pamoja na mimi.

Mbuzi wa kwanza natoa mimi. Mweka hazina ana daftari pale mezani, na kalamu inayoandika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.